Joto la Kawaida la Chumba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukausha. Nilikausha kitu ambacho kazi yake yote ilitegemea maji, tena nikakikausha kwa majivuno. Hata leo nikikumbuka nikiwa njiani, hujikuta nimesimama na kuuma midomo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne hapo Malindi, bila alama za kunipeleka popote. Fizikia nilijifundisha kwa kitabu kilichokosa jalada, kilichoandikwa na watu wa nchi za baridi. Kilinifunza kwamba haidrojeni na oksijeni zikikutanishwa taratibu hutoa umeme na maji, bila moto wala moshi. Basi nikaunda chombo changu: vijiti viwili vya kaboni nilivyovitoa kwenye betri za tochi, na kati yake kigae cha mtungi kilicholowekwa maji ya magadi. Ukikiunga na betri ya gari kwa muda, maji hugawanyika na gesi hujikusanya vijitini. Ukiiondoa betri, gesi hurudiana, na sindano ya mita ya umeme hupanda.

Mtaani kwetu palikuwa na fundi redio, mtu wa maneno mengi na solda mbovu. Nilimdharau, lakini dukani mwake mlikuwa na nafasi moja tupu kwenye benchi, na hiyo niliitaka kuliko kitu chochote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, profesa. Sikiza. Kesho lete hicho kidude chako. Sindano ikisimama mpaka nimalize kikombe changu cha kahawa, nafasi ni yako."

Kikombe chenyewe kilikuwa kile kidogo cha kahawa chungu. Niliona amenitukana kwa kunipa mtihani mwepesi hivyo.

Sikulala vizuri kwa kutaka kila kitu kiwe safi. Kwetu pwani unyevu huharibu vyote: chumvi hulowa koponi, viberiti hugoma, viatu huota ukungu. Nikaamua adui ni unyevu. Asubuhi nikapanda ngazi, nikakianika kigae juu ya bati, jua la Machi likikipiga mpaka adhuhuri. Mama akaniona.

"Mwanangu, kigae cha mtungi waanika kama papa?"

"Naondoa unyevu, mama."

"Haya. Mtungi usiotoka jasho huo ni mapambo."

Sikumsikiliza. Yeye hakusoma kitabu.

Dukani nilikinyunyizia kigae matone machache tu ya magadi, nikaunga betri, kisha nikaiondoa. Sindano ilitikisika, ikalala. Fundi hakuwa hata amepuliza kahawa yake.

"Mbona chombo chako kimefunga, na Ramadhani bado?"

Wateja wakacheka. Kwa hasira nikakitumbukiza chombo kizima kwenye bakuli la maji ya magadi, nikaanza upya. Sindano ikapanda, moyo wangu ukapanda nayo, kisha ikashuka. Maji yalikuwa yameziba vitundu vya kaboni, na gesi haikuwa na pa kukaa.

"Maiti imeshaoshwa," fundi akasema, akaweka chini kikombe kitupu. "Twende tukazike?"

Jumatatu yake benchini alikaa mpwa wake, ambaye hakujua chanya wala hasi.

Nilijifungia nyumbani miezi mingi nikipima. Kumbe joto halikuwa na ubaya. Kigae kikiwa na maji ya kutosha, sindano ilisimama vizuri zaidi siku za joto kuliko zile za baridi ya Julai. Lakini joto hilohilo lilikikausha kigae haraka, na kigae kikikauka umeme haupiti. Masika yalipokuja, hewa ikawa nzito, kigae hakikukauka, lakini vijiti vikajaa maji na kuzama. Kitabu hakikuwa na mstari hata mmoja juu ya hayo. Kilisema tu: fanya jaribio katika joto la kawaida la chumba. Chumba cha nani? Cha mwandishi, bila shaka, na moto wake wa kuni na sweta yake. Nami nilimwamini kama mpumbavu, nikamdharau mama aliyekuwa ameutazama mtungi kwa miaka thelathini.

Nafasi ile ya benchini sikuipata kamwe. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi ukutani kwangu kuna vipimajoto viwili, kimoja kimeviringishwa kitambaa chenye maji, ili tofauti yao inionyeshe unyevu wa hewa, na sianzi jaribio lolote kabla ya kuandika vinavyosema.