Utani Usiojibiwa

Kanze ana mdomo. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi wamelisema kwa ubaya, na mimi jirani yake nataka mlisikie kwa uzuri. Tunashona makuti pamoja kila asubuhi nyuma ya nyumba yake hapa Ganda, na sijapata kumwona akimeza jambo lililomkera. Kuti likija limekatwa ovyo, atamsema aliyelikata mpaka amfikie babu wa babu yake.

Jioni huyaacha makuti akaenda kiwanja cha shule ya msingi kuwafunza wasichana netiboli. Hakutumwa na mtu. Usichanani alicheza vizuri sana, akaolewa mapema na mpira ukaishia hapo. Watoto wake walipokua akatazama akaona wavulana wa hapa wana timu ya kandanda ya kila rika, na wasichana wakitoka shule ni kuni na maji. Akaenda kumwomba mwalimu mkuu kiwanja, akanyimwa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mwalimu akampa ufunguo wa stoo ya mipira ili naye apate kupumua.

Shida ikawa usafiri. Leo mechi iko Gede, wiki ijayo iko Jilore, na wazazi wengi hapa ni wakulima wa mihogo na mahindi. Nauli ya mtoto kwenda kucheza ni anasa. Hapo akaingia Kalama. Kalama ni kaka mkubwa wa Ziro, mumewe Kanze. Alikuwa dereva wa hoteli miaka mingi, akastaafu akabaki na pikapu yake, na akasema atawabeba wasichana bure. Akawabeba. Akawanunulia na mipira mipya, na mandazi njiani. Tulimwombea dua, Waislamu kwa Wakristo. Wasichana walimwita Tsawe, yaani babu kwa Kigiriama, naye akawaita wake zake.

Mgeni asishtuke. Huku kwetu babu humwita mjukuu mke wangu, bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na hakuna anayejificha kusema. Mtoto naye hujibu, tena anatarajiwa ajibu, na akijibu kwa ukali ndiyo raha yenyewe. Marehemu babu yangu nilimwambia hadharani kwamba siwezi kuolewa na mzee anayekoroma, akacheka mpaka akapaliwa na uji.

Katika timu nzima hapakuwa na anayejibu kama Linet. Huyu ni binti wa Janet, mjane anayekaa karibu na barabara kuu, na wakati huo alikuwa hajatimiza miaka kumi na tatu. Ndiye mfungaji wao. Kalama akisema, "Mke wangu leo umependeza," Linet alimrudishia hapo hapo: "Wewe mzee meno yamekwisha, muhogo unaumumunya, mke utamfanyia nini?" Pikapu nzima ikaangua kicheko, na Kalama kuliko wote.

Basi Jumamosi moja walikuwa wanakwenda Jilore. Tumesimama kando ya kiwanja kuwaaga, Kalama akaanza utani wake kama kawaida. Linet hakujibu. Aliinamisha kichwa, akapanda nyuma kabisa ya pikapu, akajibana kati ya wenzake. Mama mmoja akasema, "Ameanza kukua huyu, ameshika adabu," na sisi wengine tukakubali. Adabu ya mtoto wa kike huku kwetu haimtii mtu wasiwasi.

Kanze ilimtia. Kesho yake tukishona makuti aliniambia, "Yule mtoto hajapata adabu. Amepata woga."

Nikamwambia pengine anaumwa. Akasema ndiyo, anaumwa, tumbo, lakini tumbo lenyewe linauma siku za safari tu. Siku za mazoezi ya hapa nyumbani anaruka kama mbuzi. Kisha akanitajia jambo ambalo sote tulikuwa tunaliona na hatulitazami: mkitoka barabara kuu kurudi Ganda, nyumba ya Janet ndiyo ya kwanza, na bado Linet ndiye aliyekuwa akishushwa mwisho.

Siwezi kuficha, niliogopa. Nilimkumbusha huyo ni shemeji yake. Ndiye aliyemlea Ziro baba yao alipofariki, ndiye aliyemtolea mahari ya kumwoa yeye Kanze. Akanijibu bila kuacha kushona, "Unadhani silijui? Nikikosea nimeliua jina la mtu. Nikipatia nimeivunja nyumba yangu. Lakini mtoto akiachwa, atavunjika yeye."

Hakumwita Linet faraghani kumhoji. Alimwomba Janet amruhusu mtoto aje asaidie makuti siku za likizo, akamkalisha pale pale uani, mahali anapoonekana na kila apitaye, ila hasikiki. Alishona naye siku ya kwanza, wakazungumza mpira. Siku ya pili hivyo hivyo. Mimi nilikuwa najitafutia kazi mbali nao, na safari zangu za kisimani siku hizo zilikuwa nyingi kuliko ndoo za nyumba.

Yote aliyosema yule mtoto Kanze hajanisimulia, nami sikumuuliza. Ya mtoto ni ya mtoto. Amenipa yale aliyoruhusiwa na Linet mwenyewe kuyasema, na yanatosha.

Linet alimuuliza, "Shangazi, mtu mzima akinitania nisipomjibu, nimemkosea heshima?"

"Hujamkosea," Kanze akasema. "Kuna utani ambao hukuupenda?"

Mtoto akakunja kuti, akakunja jingine. Kanze hakumharakisha. Ndipo Linet akasema, "Mkiwepo nyinyi anatania. Tukiwa wawili hatanii."

Kanze anasema aliukaza uso wake, usije ukamtisha mtoto akanyamaza. Linet akaendelea taratibu. Mwisho akasema Tsawe amemwonya kwamba akilitoa neno, pikapu haitakuja tena, timu itakufa, na wenzake wote watajua ni yeye aliyeiua.

"Timu ni yangu mimi," Kanze akamwambia. "Ikifa nitaizika mwenyewe. Sikiliza, mwanangu. Nakuamini. Wewe hukukosa, aliyekosa ni yeye, kwa sababu yeye ndiye mtu mzima. Lakini hili siwezi kuliweka siri, na sitakudanganya kwamba nitaliweka. Mama yako lazima ajue, na ofisi ya watoto lazima ijue. Kila nitakayemwambia, nitakwambia wewe kwanza."

Na ndivyo alivyofanya. Jua halijatua Janet alikuwa amejua. Alipiga kelele moja tu, kisha akamkumbatia mwanawe, na Kanze akapiga ile simu ya bure ya watoto, mia moja kumi na sita, kuuliza aanzie wapi. Waliambiwa wasimuulize mtoto maswali zaidi, waende hospitali, waende polisi kwenye dawati la jinsia. Wakaenda Malindi wote watatu, na huko daktari, polisi na afisa wa watoto kila mmoja akafanya kazi yake.

Kazi ngumu ilikuwa hapa nyumbani.

Mzee Nyale, mzee wetu wa mtaa, aliita kikao sebuleni kwake. Viti vya plastiki vilipangwa, soda zikafunguliwa, na wazee wakakohoa kwa zamu kama watu wanaopokezana zamu ya kulinda shamba. Wazo lao lilikuwa moja. Kalama atoe mbuzi, aombe radhi, jambo liishie ukooni. "Ni utani uliopitiliza kidogo," Mzee Nyale akasema. "Tangu lini mzee akapelekwa kwa serikali kwa kutania mjukuu?"

Kanze aliwaamkia wote shikamoo, maana heshima anaijua, kisha akasimama.

"Wazee wangu," akasema, "utani huu tumeukuta, nami siukatazi. Baba yangu aliniita mke wake... nasema babu yangu, mnisamehe, nina hasira. Babu yangu aliniita mke wake mbele ya bibi, mbele ya wageni, mbele ya paka. Hakuwahi kuniambia nisiseme. Utani wa kwetu ni wa hadharani, na mtoto ana ruhusa ya kumrudishia mzee mpaka mzee ashindwe. Huyu alimpeleka mtoto mahali pasipo na mtu, akamfunga mdomo. Huo si utani wetu. Amechukua kitu chetu kizuri akajifunika nacho. Na mkimpokea mbuzi wake, mnamsaidia kuvuta shuka."

Mzee Nyale akasema mambo ya ukoo yakianikwa ni aibu. Kanze akamjibu, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Na atakayekufa hapa si sisi wakubwa." Akaondoka, soda yake haikuguswa. Mimi nilikuwa dirishani nikijifanya nimeleta barafu. Nilitamani kupiga vigelegele.

Kalama alikamatwa, akaachiliwa kwa dhamana akiwa na amri ya kutomsogelea mtoto wala timu. Timu haikufa, ila ilikonda. Wiki nyingi walicheza hapa hapa tu. Siku hizi wanakodi tuktuk mbili, mama wawili wanapanda nao kwa zamu, hakuna mtoto anayebaki na mtu mzima mmoja, awe nani, awe imamu, awe pasta, awe Kanze mwenyewe. Kila aliyekuja kujitolea aliambiwa hivyo kabla hajakaribishwa kiti. Wawili walinuna wakaenda zao. Kanze akasema kheri wamenuna mapema.

Lakini nyumbani kwake hapakuwa na kheri. Ziro alihamia chumba cha nje. Ni mtu mpole, fundi wa baiskeli, asiyejua kugomba, na upole wake ndio uliomuumiza Kanze zaidi. Jioni moja tu ndiyo aliyosema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Mama Emily, mtoto wa watu amekupa neno ukalichukua. Mimi mumeo hukuniuliza. Yule ni baba yangu wa pili."

"Ningekuuliza ungenizuia," Kanze akasema. "Na ningezuilika, kwa sababu nakupenda."

Ziro akatoka. Kanze alinisimulia hayo akilia waziwazi, makuti yamelala miguuni. Mchuma janga hula na wa kwao, wazee walisema, lakini hawakusema jinsi wa kwao wanavyokula wasichokichuma.

Na kuna jambo jingine lililonikera mimi nafsi yangu. Huku kwetu mtu akifikwa na msiba, tunamiminika kumpa pole. Basi watu walimiminika. Walikwenda kwa mke wa Kalama, pole mama. Walikwenda kwa Ziro, pole ndugu. Hata kwa Kanze walikuja, pole kwa mitihani. Kwa Janet hakwenda mtu. Wengine waliwaambia binti zao wasikae na Linet, eti asije akawaharibu. Mtoto ndiye aliyefikwa, na pole zote zilikwenda kwa wakubwa.

Siku ya Linet kutoa ushahidi niliongozana nao Malindi. Ziro alikuwa ametoka nyumbani kabla yetu, amevaa shati lake la kanisani, hakusema anakwenda upande gani, na Kanze hakuthubutu kuuliza.

Nje ya chumba cha mahakama kuna mabenchi mawili yanayotazamana. Moja lilijaa jamaa za Kalama, na Kalama mwenyewe katikati, amekonda. Jingine tulikaa sisi wanne, na nafasi ilibaki tele. Linet alikuwa amekaa kati ya mama yake na Kanze, mikono chini ya mapaja, macho sakafuni. Afisa wa watoto alikuja akamweleza kwamba watu watatolewa, ataingia yeye tu na watu wachache. Akauliza kama yuko tayari. Mtoto akayaacha macho pale pale sakafuni.

Ziro akaja kutoka kwenye ua. Akawasalimu ndugu zake mmoja mmoja, akamshika mkono Kalama kwa muda mrefu. Mtoto wa Kalama akamsogezea nafasi. "Baba mdogo, kaa hapa."

Ziro hakukaa. Alivuka ule ujia, akasimama mbele yetu. Kanze alishika ukingo wa benchi. Lakini hakuwa amemjia Kanze. Alichuchumaa, magoti yakalia, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Linet mwanangu," akasema, na kila mtu alisikia, "mimi ndiye Ziro, ndugu yake. Nimechelewa. Pole, mama. Pole sana kwa yaliyokufika."

Linet akamtazama, akamtazama mama yake, kama mtu aliyeletewa kitu akadhani kimekosea nyumba.

"Ni yako," Janet akamwambia. "Ipokee."

Linet ambaye hakulia hospitali, wala kwa polisi, wala siku ile uani, akafunika uso kwa viganja akalia mpaka mabega yakatikisika. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ziro alikaa chini pale pale sakafuni, na shati lake la kanisani, akangoja naye.

Jina lake lilipoitwa alijifuta kwa kanga ya mama yake, akainuka, akaingia. Tulikaa nje muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa, afisa wa watoto alitoka amemshika mkono, akatutazama sote wa benchi letu.

"Amesema yote," akatuambia. "Na alisema kwa sauti."