Kidonge cha Langoni

Msimu ule pamba ilifurika. Marobota yalijaa hadi nje ya kiwanda, na sisi wanawake wa kutoa pamba fifi, ile chafu, kwenye safi tukawekwa zamu mbili, ya mchana na ya usiku, jua hadi jua. Mimi nikapangwa usiku. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto anayenyonya. Nyapara hakujali hata kimoja.

Alisimama langoni na kopo. Kila aliyeingia alipewa kidonge cheupe na chai ya rangi, akimeze mbele yake, kisha apanue mdomo. Tulikiita macho. "Umeshapewa macho?" tuliulizana tukicheka. Kilifanya kazi kweli. Kunakucha bado naona kila taka kwenye pamba, moyo unadunda kama nimekimbizwa.

Nikirudi nyumbani Ngokolo namnyonyesha mwanangu. Hapati usingizi. Macho makavu, vikono vinatetemeka, kilio hadi jioni.

Mama mkwe hakuwa na shaka. "Mayu, mama yangu, huyu analilia jina. Kuna marehemu mzee kule kwetu hajaridhika, anataka mtoto aitwe kwa jina lake."

Tukambadilisha jina. Akapewa la babu wa baba yake, akalia. Akapewa la ndugu wa babu, akalia zaidi. Jirani akanitania bombani: "Leo tukuite mama nani?"

Kisha mashine ikakatika mkanda, kiwanda kikafungwa tukisubiri mwingine kutoka Mwanza. Siku hizo sikumeza kidonge. Haukupita muda mrefu mtoto akalala kutwa nzima, hadi nikamwekea kidole puani kuona kama anapumua. Mama mkwe alikuwa ametoka kumpa jina jingine, akapiga vigelegele. Sikumbishia. Hasira zangu nilimwekea nyapara.

Siku kiwanda kilipofunguliwa nilikwenda na mtoto mgongoni, mama mkwe nyuma yangu. Nyapara akaninyooshea kidonge. Nikamgeuzia mgongo.

"Mpe huyu. Ndiye anayekimeza."

"Mama, usinicheleweshee foleni."

"Mimi ninanyonyesha. Nikimeza mimi, kinafika kwake. Kazi nitafanya, kidonge simezi. Nikisinzia, nifukuze kwa kusinzia."

Nyuma yangu mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hata wa kwangu halali." Akarudisha cha kwake kwenye kopo.

Nyapara alimtazama, akanitazama. "Mkilala humo ndani mtanitambua."

"Tumeshakutambua," nikamjibu.

Nikamkabidhi mama mkwe mtoto, nikaingia. Nilinawa maji, nikatafuna pilipili, nikajifinya mapaja hadi yakavimba. Sikulala. Asubuhi nilifika nyumbani najikokota, nikamnyonyesha, tukalala wote wawili mlango ukiwa wazi.

Jioni nyapara alikuwa palepale na kopo lake. Nikapita mikono nimeifunga nyuma.