Dobi Aliyetumwa Kuomba

Mama yangu ni dobi, na mdomo anao. Muulize fundi bomba aliyewahi kumzungusha. Lakini mwambie mama huyo huyo, "Hebu tuombee," uone: ulimi unakuwa mzito, jasho linamtoka, anajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Ana miaka kumi na moja kwenye kikundi cha akina mama wa kanisani wanaotembelea wagonjwa kila Alhamisi, na miaka yote hiyo, maombi yakikaribia, mama huyo uani na beseni, anafua mashuka ya mgonjwa. Wenzake wakifumbua macho, kamba imejaa.

Mwaka jana wakapata mgonjwa mkorofi, mwalimu mstaafu aliyepooza upande mmoja. Wakifungua Biblia tu, anawatimua. Mwenyekiti akachoka.

"Hatuwezi kumlazimisha mtu," alisema. "Alhamisi hii ndiyo ya mwisho. Akikataa kuombewa, tunahamia kwa wengine." Kisha akamgeukia mama. "Nenda wewe, dada. Wewe hajakufukuza bado."

Mama alirudi nyumbani amenywea kabisa. Alhamisi ndiyo siku yake pekee isiyo na nguo za wateja, na kikundi kikihama, naye anahama nacho. Nani atambadilishia yule mzee mashuka? Akanituma nimwandikie sala kwenye karatasi. Nikaandika mistari minne. Akawa anaikariri huku anapiga pasi, mpaka akaunguza kola ya shati la mtu. Nilicheka, akanitishia kwa pasi. Nampenda mama yangu hivyo hivyo alivyo.

Siku ikafika, akaenda peke yake. Akamgeuza mzee ubavu, akatandua, akatandika shuka safi, akatoka uani kufua. Alipomaliza kuanika akarudi ndani, akakaa kwenye kigoda, na sala yangu yote ikamtoka kichwani.

"Baba," akasema, "nimetumwa nikuombee. Siwezi. Nikianza tu, maneno yananikimbia."

"Wenzako wanayo mengi mno," mzee akajibu.

"Ndiyo, baba. Lakini usipoombewa leo, hatutarudi tena."

Mtaa mzima ulijua kwamba tangu mzee amzike mkewe, miaka mitano iliyopita, hajasema na Mungu hata neno moja. Sasa akanyoosha mkono wake mzima, akaushika mkono wa mama uliochubuliwa na sabuni.

"Bwana," akaanza, akakwama. Mama akadhani ndiyo basi. "Bwana, ni mimi. Huyu mama amechoka. Mpumzishe. Usiipite nyumba yake."

Mama akasema amina, akalia, na mzee naye akalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Jioni mwenyekiti alikuja kuuliza kama mzee amekubali kuombewa. Mama hajui kudanganya.

"Hapana," alisema. "Ameniombea mimi."

Nilidhani mwenyekiti atakasirika. Badala yake alikaa kwenye benchi letu, mkoba magotini. Alhamisi iliyofuata alikwenda na mama kwa mzee. Uani akakunja mikono ya gauni lake la kanisani, akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja.