Msichana Aliyeruka Bila Ruhusa

Juzi binti yangu alipata kwenye simu ile filamu ya zamani ya msichana anayeruka angani, akacheka mpaka machozi. "Mama, waya unaonekana!" Kweli ulionekana, na hadithi yenyewe ilikuwa dhaifu: nguvu zote zile, na bado anahangaikia mvulana mmoja.

Mimi niliiona filamu hiyo nikiwa mtoto, kule kwetu Silibwet, mchana wa mvua, katika chumba cha video kilichonuka dizeli na makoti yaliyolowa. Ule waya niliuona pia, lakini nilidhani wamemfunga ili asipotelee mbinguni.

Mama alikuja kunitafuta akitoka kupeleka majani chai, kikapu kikiwa tupu mgongoni. Nilijua nitachapwa. Lakini msichana ndiyo kwanza alikuwa ameacha ardhi, akizunguka peke yake juu ya miti, akicheka. Mama akasimama mlangoni, akatazama mpaka mwisho.

Tulirudi tukikanyaga matope. Karibu na nyumbani akaniuliza, "Chebet, yule msichana alimwomba nani ruhusa?"

"Hakumwomba mtu, Mama."

Akatembea kidogo, kisha akatabasamu. "Hata mimi nimeona hivyo."