Jiko la Umeme Tulilolikuta Kolwezi

Nilikuwa na miaka tisa tulipohama kutoka Mutoshi kuja mjini Kolwezi. Baba alikuwa karani katika ghala la vipuri la mgodi, na mwaka ule alipandishwa cheo. Ilikuwa ile miaka ya Zaïre: wanaume walikuwa wameacha tai na kuvaa abakosti, lile koti lisilohitaji tai, wazungu wengi walikuwa wamefunga masanduku wakarudi kwao, na nyumba zao zilianza kukaliwa na watu wetu. Sisi tulipewa moja yenye uzio wa maua, mparachichi uani, na chumba cha kupikia ndani kwa ndani, ukuta mmoja na sebule.

Hicho chumba mama hakukipenda. Alizaliwa upande wa Kasaji, akakua penye moto wa kuni, na kule Mutoshi alipikia mbabula, lile jiko la bati lenye matundu linalotiwa makala. Kwake kupika ilikuwa kazi ya uani: unakaa kwenye kigoda, unaona mbingu, unawasalimu wapita njia. Sasa alisimama mbele ya jiko la umeme jeupe, refu kufika tumboni pake, lenye plaki nne nyeusi za kuwekea sufuria juu, tanuri chini, na batoni tano za kugeuza mbele. Wazungu walikuwa wameliacha kwa sababu halikubebeka.

Batoni zile zilikuwa na namba zamani. Vidole vya mtu vilikuwa vimezifuta, hata alama ya kuonyesha batoni ipi ni ya plaki ipi haikubaki.

Asubuhi ya kwanza mama aliweka sufuria ya maji ya chai juu ya plaki ya mbele. Akageuza batoni moja, akasubiri. Akaweka kiganja juu ya maji: baridi. Akaigeuza zaidi. Mimi nilikuwa mezani nikingoja chai yangu, nikaanza kusikia harufu ya majani yanayoungua. Ungo wake wa kupepetea, aliokuwa ameuegemeza ukutani juu ya plaki ya nyuma, ulikuwa unatoa moshi.

"Baba ya batoto!" mama alipiga kelele. "Kuya! Nyumba inaungua!"

Baba alikuja na povu la sabuni shavuni, akashusha swichi kubwa ya ukutani, akautupa ungo nje kwenye majani. Nusu yake ilikuwa nyeusi. Ungo ule mama alifumiwa na dada yake wakati anaolewa.

"Hii kitu itatuua," mama alisema. "Mi sitaigusa tena."

Baba aliahidi kumleta fundi wa umeme kutoka mgodini. Hakumleta. Nilipokuwa mtu mzima ndipo alipokiri kwamba aliona haya. Angewezaje mkubwa mpya wa ofisi, ndani ya abakosti yenye mikunjo iliyonyooka, kwenda kumwuliza fundi jiko linawashwaje?

Basi mama alitandika kitambaa chenye maua juu ya lile jiko, akaweka redio juu yake. Mbabula ikatolewa sandukuni, ikawekwa nyuma ya nyumba. Tukala bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kama kule Mutoshi, nami nikaona mambo yako sawa.

Lakini moshi haujui uzio. Upande wa pili aliishi mke wa injinia mmoja, mwanamke wa kutoka Lubumbashi aliyekuwa akiongea Kifaransa na watoto wake. Siku moja mama alikuwa anapuliza makala, na yule jirani akatokeza kichwa juu ya maua.

"Mama, samahani," alisema. "Manguo yangu iko ku kamba. Na huku haiko ku site. Huku bantu banapikiaka mu nyumba."

Site ndiyo mitaa ya wafanyakazi, kule tulikotoka. Mama alichukua kifuniko akafunika makala mpaka yakafa, akaingia ndani, na siku hiyo tulikula mkate na parachichi. Nilimwona amesimama mbele ya jiko la umeme, mikono kiunoni, analitazama kama mtu anayemtazama mgomvi wake.

Juma lililofuata alikuja mzee mmoja getini. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kofia ameishika mkononi. Mama alimkaribisha barazani, akampa kiti na maji, akaketi mbali kidogo, mimi nikiwa miguuni pake.

"Mama, mi nilipikaka mu hii nyumba miaka kumi na mbili," alisema. "Bazungu bameenda, mi nimebakia bila kazi. Nimesikia kama bantu bamekuja. Nikasema niende niulize, pengine mama anatafuta mupishi."

Mama alitazama chini. "Tata, uko kama baba yangu. Mi nikae, we unipikie? Bandugu batanicheka, na Mungu ataniuliza."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaivaa kofia, akaanza kuinuka. Mama akamshika mkono.

"Ngoja, tata. Ile jiko ya kuran, ile nyeupe, unaijua?"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Mama, zile namba ni bidole byangu ndiyo bilizimaliza."

Wakakubaliana hapo hapo. Yeye angekuja kumfundisha mama kila asubuhi, wakishamaliza angekula nasi, na mama angemwomba baba amtafutie kazi. Alipoingia ndani aliona redio juu ya kitambaa chenye maua. Aliinua redio taratibu, akakunja kitambaa, akapitisha kiganja chake juu ya ile enameli nyeupe toka upande mmoja mpaka mwingine.

Kwanza aliomba kisu. Kwenye kila batoni alikwaruza mstari mahali pa kuzima, na vitone kuanzia moto mdogo hadi mkali. Kisha akawasha plaki moja moja ili mama ajue ipi ni ya batoni gani. Mama alirudia kwa sauti kama mtoto wa shule: ya kwanza, mbele kushoto, ya pili, nyuma kushoto.

"Sasa sikiliza, mama," mzee alisema. Alizima plaki ya mbele, akangoja kidogo, akachovya vidole kwenye maji, akarusha matone juu yake. Yakaruka na kulia *tss*. "Moto ya makala unaionaka. Hii inajifichaka. Umezima, plaki iko nyeusi kama yenye kulala, kumbe ingali na moto. Usiamini macho. Na mutoto asiweke mukono hapa hata siku moja." Alisema hayo akinitazama mimi, nami nikaficha mikono nyuma.

Siku ya pili aliikataa sufuria ya mama, ile ya kitako cha mviringo iliyokaa vizuri juu ya makala. Aliiweka juu ya plaki na kumwonyesha jinsi ilivyogusa kwa ncha tu. Pembeni aliweka nyingine yenye kitako bapa, maji kiasi kile kile. Ya bapa ilichemka zamani, ya mviringo bado imenyamaza.

"Moto yote inapotea mu hewa," alisema. "Sufuria ilale vizuri, na isiwe kidogo kuliko plaki. Na mukono yake igeuze ndani. Ukiiacha inje, nguo yako itaivuta."

Alimfundisha kupangusa mikono kabla ya kugusa batoni, kushusha swichi ya ukutani kabla ya kuosha jiko, kutoacha kitambaa wala ungo karibu. Lakini lililomfurahisha mama kuliko yote ni la maharagwe. Mzee alizima jiko yakiwa bado magumu kidogo, mama akashtuka.

"Tata, haiyaiva!"

"Acha. Plaki itamaliza kazi. Weka kifuniko, twende tuongee."

Wakaenda kukaa barazani. Waliporudi, mama alibonyeza haragwe moja kwa vidole, likapondeka. Alicheka mpaka akashika mlango. Jioni baba alipofika kutoka kazini alisikia habari ya maharagwe yaliyoiva yenyewe kabla hata hajavua viatu.

Siku ya tano ndipo mama alipouliza kuhusu bukari. Mzee akakuna kichwa.

"Hapo sijui, mama. Madamu hakukulaka bukari. Nilipikaka supu, nyama, viazi, keki. Bukari bibi yangu ananipikiaka kwetu, ku mbabula."

"Miaka kumi na mbili," mama alisema polepole, "na hukukula bukari ya hii jiko?"

"Hata chakula yoyote ya hapa, mama. Nilipikaka, nikatandika meza, nikaenda kula kwetu."

Mama alijifunga kikwembe sawasawa kiunoni na kuweka maji ya uji. Uji ulichemka bila taabu. Lakini alipoongeza unga na kuanza kusonga kwa mwiko, sufuria ilizunguka, ikateleza, ikakaribia kuanguka. Mzee aliishika kwa vitambaa viwili, ikateleza naye. Bukari inataka nguvu za mabega. Chini uani mama aliibana sufuria kwa vijiti na miguu, lakini juu ya jiko linalofika tumboni ataibana na nini?

"Shusha chini," mama alisema ghafula. "Lete ile gunia."

Alikunja gunia mara nne sakafuni, akaiteremsha sufuria juu yake, akaketi kwenye kigoda chake cha zamani, akaibana kwa miguu iliyofungwa vitambaa. Akasonga. Mwiko uligonga kwa mdundo ule niliouzoea tangu Mutoshi. Bukari ilipokaza aliirudisha juu ya plaki, nayo imezimwa tayari, akaifunika ili mvuke uimalizie.

Mzee alikuwa ameinama, mikono magotini, anatazama. "Leo mwalimu ni we," alisema.

Tulikula sote mezani, baba akiwemo maana ilikuwa Jumamosi. Mama alitangulia kumnawisha mzee mikono, kabla ya baba. Mzee alimega tonge, akalichovya kwenye sombe, akala bila kuinua macho. Alipomaliza aliuliza kama inawezekana kumpelekea mke wake kidogo. Mama alimfungia donge kubwa kwenye sahani na kitambaa.

Baada ya majuma machache baba alimpatia kazi katika nyumba ya wageni ya mgodi, kupika asubuhi na mchana. Alikuja kutuaga, ingawa haikuwa mbali. Mama alimsindikiza mpaka njia panda, na alirudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Msimu wa mvua uliofuata, mchana mmoja, tulisikia sauti kutoka kwa jirani. Haikuwa sauti ya Kifaransa. "Moto! Moto!" Mama aliruka akapita katikati ya maua ya uzio, miiba ikamchana mguu, nami nikamfuata. Jikoni mwa jirani karai la mafuta ya kukaangia mikate lilikuwa linawaka, ndimi zinalamba ukuta. Mke wa injinia alikuwa amebeba ndoo ya maji kwa mikono miwili.

"Usitie mayi!" mama alipiga kelele. "Mama, utatuunguza! Weka chini!"

Mzee alikuwa amemwambia hilo pia: maji yakiingia mafuta yanayowaka, moto unaruka mpaka dari. Mama alinyakua kifuniko cha sufuria kubwa, akainamisha uso pembeni, akakisukuma juu ya karai. Moto ukakatika. Akageuza batoni, akashusha swichi ya ukutani, na jirani aliponyoosha mkono kuliondoa karai alimzuia.

"Usifungue. Usiitembeze. Acha ipoe yenyewe."

Yule mwanamke aliketi sakafuni, kando ya ndoo yake. Mama naye aliketi sakafuni, akamkumbatia. Nilikuwa nangoja mama aseme neno lolote kuhusu site, kuhusu moshi na manguo. Mimi ningelisema. Yeye alisema tu, "Pole, mama. Bitu bya moto binashindaka bantu bote. Ulienda wapi?"

"Nilienda kufungua mulango. Kidogo tu."

"Mafuta haijuake kidogo tu," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka huku wanalia.

Tangu siku ile uzio wa maua ulikuwa na upenyo. Jirani alikuja kwetu Jumapili kujifunza kusonga bukari sakafuni juu ya gunia, maana mumewe alikuwa anailalamikia bukari yake yenye madonge. Mama naye alijifunza keki kwake, akatumia tanuri ambalo mzee hakuwahi kumfundisha kulitumia. Keki ya kwanza iliungua chini na kubaki mbichi katikati. Tuliila yote.

Tulikaa katika nyumba ile miaka minane. Nikifumba macho leo naweza kupita chumba kile bila kujigonga: meza ya mbao, dirisha lenye jua la asubuhi, harufu ya maharagwe chini ya kifuniko, mama na jirani yake wameketi kwenye vigoda sakafuni, ingawa viti vilikuwepo, wanachambua sombe na kusengenya mji mzima.

Mzee alipostaafu alirudi kwao, karibu na Kasaji, na safari moja ya garimoshi mama alinipeleka kumwona. Tulimkuta ana shamba la mihogo na baiskeli nyekundu. Mama alimwomba atupikie ile supu aliyokuwa akiwapikia wazungu, tuionje. Mzee alitupa jicho uani, mahali mke wake alipokuwa ameketi mbele ya mbabula, mwiko mkononi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hapa haniruhusu hata kufunua sufuria."