Choo cha Mama Kilichozibwa

Wiki ile tulipoziba choo chake, mama yangu aliacha kunywa maji. Sikugundua mara moja. Nilidhani ni uzee, kisha nikadhani anafunga kwa maombi yake. Kumbe alikuwa anajinyima maji ili asishikwe na haja, kwa sababu hakuwa tena na mahali pa kwenda.

Niseme kwanza kwamba bomba la majitaka nililitaka mimi kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Kasulu. Tunakaa kwenye mteremko. Mvua kubwa ikinyesha, wenye nyumba za juu walikuwa wanatapisha vyoo vyao: wanatoboa shimo ubavuni, mvua inabeba, na vya kwao vinapita mlangoni kwangu bila hata kupiga hodi. Gari la kunyonya ulilisubiri mpaka ukate tamaa. Watoto wa mtaa walikuwa hawaishi kuharisha. Kwa hiyo mradi ulipokuja kuchimba mtaro wa bomba barabarani, mimi niliwapelekea mafundi uji wa ulezi. Leo nikiukumbuka ule uji, roho inaniuma.

Mama alikuwa amehamia kwetu kutoka Murungu, kule Kibondo, baada ya miguu kuanza kumsumbua. Kwetu sisi Waha wa zamani, mama mkwe na mume wa bintiye hawazoeani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na choo kimoja hawachangii kabisa, hata dunia ipinduke. Mume wangu ni mtu wa Ujiji, mwenye duka, na mambo haya aliyaona ya kizamani, lakini alijua ameoa wapi. Kabla mama hajafika, alimchimbia choo chake nyuma ya jiko, karibu na migomba, na mlango akauelekeza shambani ili wasije wakakutana macho. Alichimba kwa mikono yake. Mama alipokiona aliniambia mimi tu, kwa sauti ya chini, "Huyu ana adabu."

Wakaishi hivyo, wakipendana kwa kukwepana. Mume wangu alikohoa kabla ya kuingia uani, mama akaingia chumbani kwake. Salamu zilipitia kwangu ingawa sote watatu tulisikia kila neno. "Mwambie mwanangu asisahau koti, mawingu ni mabaya," mama angesema, na mwanangu huyo yuko nyuma ya pazia, tayari analivaa. Nilikuwa nawacheka sana.

Sasa mtaro ule ulitoa udongo mwekundu lukuki, ukarundikwa kando ya barabara, na msimamizi akatangaza kwamba anayetaka achukue bure. Alisema pia kwamba kila kiwanja kitakachoungwa kwenye bomba lazima kizibe mashimo yake yote, ya zamani na mapya. Mtaa mzima tulichanganyikiwa kwa furaha. Udongo wa bure nani anauacha? Watu walibeba kwa matoroli, kwa ndoo, kwa mabeseni, wakafukia mashimo kabla hata bomba halijafika kwao. Sisi tulifukia la nyumbani na la mama, tukashindilia na mawe juu. Mume wangu alikuwa ameshachora mahali pa choo kipya cha mama, palepale nyuma ya jiko, cha kuvuta maji. Mama alimpigia makofi kutoka dirishani.

Ndipo akaja kijana wa vipimo. Akatazama uani, akatazama barabarani, akatikisa kichwa.

"Mama, huku nyuma ni chini kuliko bomba," akaniambia. "Mavi hayapandi mlima. Nitawaunga choo cha ndani tu, kiko mbele."

"Na cha mama yangu?"

"Labda awamu ya pili."

Choo cha ndani ndicho cha mume wangu.

Mume wangu hakukaa kimya. Alianza kuchimba shimo jipya mwenyewe, lakini ardhi ilikuwa imelowa kwa mvua, kuta zikaporomoka na maji yakapanda kutoka chini. Bwana afya akaja kutufokea kwamba mashimo sasa ni marufuku. Nikazunguka kwa majirani kuomba msaada, nikakuta nao wamefukia yao, wanajivunia. Nilimwekea mama ndoo yenye kifuniko chumbani. Akaitazama.

"Utaimwaga wapi?"

"Nitajua mwenyewe, mama."

"Utaimwaga kwenye choo chake," akasema. "Oya, mwana wanje. Hapana, mwanangu."

Nilimbembeleza basi aende mwenyewe choo cha ndani, nikamwambia mkwe yuko dukani tangu asubuhi, hakuna atakayeona. Akaniuliza kama anapokalia yeye na anapokalia mume wangu si palepale. Nikakasirika, nikamwambia kwamba hata hivyo bomba ni moja, vya mtaa mzima vinachanganyika humo. Akashika mdomo. "Kwa hiyo wakwe wote wa Kasulu wanakutana humo ndani?" Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka kidogo. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu na mimi nilikuwa sijaiona.

Mchana mmoja alianguka akielekea migombani na jembe lake, kutafuta kichaka ambacho mji umeshakimaliza. Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akanigombeza kama vile mimi ndiye ninayeficha maji. Lakini pale wodini mama alikunywa! Alikunywa kikombe juu ya kikombe, akaenda chooni akishika ukuta, akarudi uso umenyooka.

"Hapa hakuna mkwe," akaninong'oneza. "Mwombe daktari aniongeze siku."

Niliomba, Mungu ananiona. Daktari akasema kitanda kinahitajika kwa wagonjwa.

Tuliporudi, mume wangu alikuwa ameshaamua. Hakutumia tena choo cha nyumbani kwake. Alijikaza kisabuni mpaka msikitini asubuhi, na mchana akaazima choo cha nyumba ya wageni karibu na duka. Aliniambia, "Mwambie Mama choo ni chake. Nimekisugua kwa dawa, nimebadilisha hata kikalio." Nilidhani tumepona. Mama akasikiliza, akauliza maswali, akajua yote. Akainama, akafunika uso kwa khanga.

"Mwenye nyumba anakwenda kuomba choo barabarani kwa sababu yangu? Nimemfukuza mkwe wangu nyumbani kwake?"

Hilo likawa baya kuliko la kwanza. Kikombe akakisukuma tena. Nilimpigia magoti, nikalia, nikamtisha kwa kifo, nikamwita mbinafsi, neno ambalo sikuwahi kumtamkia mama yangu. Yeye alinipapasa kichwa tu. Mume wangu kule sebuleni alikuwa anazungukazunguka. Watu wawili wenye adabu walikuwa wanauana kwa heshima, na mimi katikati sina la kufanya.

"Nirudishe Murungu," mama akasema.

Murungu hakuna mtu. Nyumba ina ukuta ulioegemea, kisima kiko bondeni, na jirani wa karibu naye ni kikongwe. Nilikataa, nikakataa, mpaka aliposhindwa kuinuka kitandani bila kushikwa. Mume wangu akakodi gari. Tulipokuwa tunampakia mama, yeye alisimama nyuma ya tangi la maji ili asimwone anabebwa. Mama akasema kwa sauti, akiniambia mimi, "Mwambie mwanangu amenitunza." Nyuma ya tangi nilisikia mtu anakohoa.

Tulipofika Murungu, mama hakuingia ndani. Aliniegemea begani, tukaenda nyuma ya nyumba kwenye choo chake cha zamani cha miti na udongo, paa la nyasi limeoza nusu. Alikaa humo muda. Alipotoka aliketi kizingitini, akanyoosha mkono, akasema, "Nipe maji." Akanywa jagi zima huku yakimtiririka kidevuni. Akaomba jingine.

Nilimjazia madumu yote niliyoyapata, nikaongea na yule kikongwe, nikarudi Kasulu kwa sababu nina watoto. Miguu ya mama haiwezi kufika bondeni, najua. Madumu yale yatakwisha, hilo nalo najua.

Mume wangu alinipokea mlangoni. Hakuuliza safari.

"Amekunywa maji?"

"Amekunywa."

Akakaa chini palepale mlangoni, akalia. Ndani, mmoja wa watoto alivuta maji chooni, tukasikia yanavyoteremka vizuri kuelekea barabarani.