Sindano na Kilo za Ugenini

Kwao walimwita Sindano, kwa sababu ya ushonaji wake na kwa sababu ya wembamba wake pia. Alikuwa mtu wa miguu. Asubuhi atoke kutafuta vitambaa, jioni apeleke nguo za wateja mtaa kwa mtaa, na kila mlango una soga lake. Uzito wake hakuwahi kuuwaza. Mizani aliyoijua ni ile ya kupimia sukari dukani.

Alikwenda ugenini kumfuata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo, kesho hayupo. Naye akapata kazi kwenye kiwanda cha mashuka. Basi lilimchukua karibu na mlango wa jengo lao na kumshusha getini kwa kiwanda, kisha lifti ikampandisha juu. Alishinda kitini, cherehani ya umeme ikinguruma mbele yake. Mchana alikula keki na soda za kwenye mashine ya ukutani, mbiombio, kengele isimkute mdomo umejaa. Jioni nje ni baridi na hamjui mtu, aende wapi? Alijikunja kwenye kochi na mkate uliopakwa siagi nzito, akiongea na dada yake kwa simu. Kutafuna kulimpunguzia upweke.

Nguo zikaanza kumbana. Fundi ni fundi: akafumua mishono, akazilegeza. Zikabana tena, akazilegeza tena. Mwishowe aligeuza gauni lake la buluu nje ndani, akakuta hakuna kitambaa kilichobaki cha kuachia.

Dada yake alipoiona picha yake mpya alipiga kigelegele. "Mwenzetu umenawiri! Mama anaitembeza picha yako mtaa mzima!"

Sindano alicheka naye, lakini magoti yalimuuma, na ngazi chache tu zilimwacha akihema.

Akaenda zahanati. Muuguzi, mama wa makamo aliyehamia pale kutoka nchi nyingine, alimpima presha, akakunja uso. "Imepanda, dada. Unatembea?"

"Kwenda wapi?"

Muuguzi akaangua kicheko, kisha akashusha sauti. "Hata mimi yalinikuta. Nilikuja mwembamba, nikaja kushtuka siti ya basi hainitoshi. Si uzembe. Maisha ya hapa yanakukalisha tu. Ila usipoamka sasa, itakuwa dawa maisha yako yote."

Maneno yale yalimchoma. Kesho yake akamwambia dereva wa basi, "Nishushe hapo darajani."

"Kiwanda bado, mama."

"Najua. Nishushe."

Alifika amelowa jasho, amechelewa, msimamizi akamfokea mbele ya watu. Aliketi kwenye cherehani yake, na siku iliyofuata akatoka nyumbani mapema zaidi. Lifti akaipa mgongo. Siku ya mapumziko akawa anachemsha maharage na mboga za majani, anafungasha chakula cha wiki. Jirani yake wa cherehani, mjane mmoja waliyemwita Kicheko, hakuacha kumchokoza: "Wewe, unataka kupita kwenye tundu la sindano?" Lakini hamu ya kupiga umbea njiani ilimvuta, naye Kicheko akaanza kushuka darajani pamoja na Sindano.

Haikuwa mteremko. Safari moja mumewe alikawia sana, na Sindano akala keki nzima amesimama jikoni, machozi yakimtoka. Asubuhi macho yamevimba, mvua inanyesha, akashuka darajani vilevile.

Kilo ziliondoka kwa kusuasua. Wembamba wa zamani haukurudi, wala hakuungoja tena. Presha ilishuka, magoti yakanyamaza, na muuguzi akampigia makofi.

Kwao ndiko kulikozuka kasheshe, alipotuma picha nyingine. "Mbona umekwisha hivyo?" dada alimaka kwenye simu. "Unaumwa? Au shemeji anakunyima chakula?" Mama yao akaipokonya simu. "Mwanangu, rudi nyumbani. Watu wataniuliza, niwajibu nini?"

Zamani angelainika, akaahidi kula. Safari hii hakurudi nyuma. "Waambie mwanao mzima, mama. Nilipokuwa nimenenepa ndipo nilipokuwa naumwa, sikuwaambia tu. Kila siku natembea kwenda kazini, na sitaacha."

"Hata kwenye mvua?"

"Hata kwenye mvua."

 Mama akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakubali, kama viatu anavyovaa havipitishi maji.